Tangi la Chumba cha Mbele: Uchafu wa Kuazima

"Wifi, unafanya nini?"

Kwa sauti hiyo tulimwacha Kitinda mlangoni mwa chumba cha mbele, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akimkodolea macho mke wa kaka yake aliyepiga magoti mbele ya tangi la samaki.

Wifi hakugeuka hata kidogo. Mikono ya gauni ilikuwa imekunjwa mpaka mabegani. Kando yake ndoo ya maji meusi. Mapajani, zile sponji za chujio la tangi, nyeupe pee.

"Nafanya kazi iliyokushinda," alijibu. "Sponji zilikuwa zinanuka kama soksi za mlinzi. Ona sasa! Hata uso wa mtoto mchanga unaweza kuufutia."

"Umeziosha na nini?"

"Na dawa ya nguo nyeupe. Lakini nimesuuza mpaka harufu ikaisha, usinione mjinga."

"Na maji?"

"Nusu nimemwaga. Yalikuwa ya njano, wifi, njano kama chai ya jana! Nimejaza mapya. Ya bombani, safi kabisa. Mawe ya juu ndiyo nilikuwa naanza kuyatoa niyasugue."

Kiatu kilimtoka Kitinda mkononi, machozi yakafuata.

Ewe unayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, kaa hapa upate kuelewa kwa nini msichana mzima analia kwa sababu ya sponji safi.

Chumba hiki kilikuwa duka la baba yao. Baba amekwenda, mama amekwenda, nyumba imebaki ya Kaka na Kitinda, mdogo wa mwisho. Wifi anakitaka chumba kwa ajili ya saluni. Kitinda anakitaka kwa ajili ya kuuza samaki wa mapambo, wale sikilidi, samaki wa rangi wa maziwa makubwa. Kaka akatamka mbele ya shangazi yao: "Jenga tangi lako. Jumapili Shangazi akija akakuta samaki hai na maji yanayoonyesha, chumba chako. Akikuta kinyume, saluni."

Leo ni Ijumaa.

Na tangi lenyewe! Refu kupita kitanda. Kitinda alilipigia pimamaji mpaka fundi wa chuma akamwita mchawi, maana likiinama kidogo tu, uzito wa maji unapasua kioo. Akapanga mawe chini kabisa kwenye sakafu ya kioo, kisha ndiyo akamwaga mchanga, kwa kuwa samaki hawa wanachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litawaangukia. Akachanganya vipande vya chokaa ili maji yawe magumu kama ya kwao ziwani. Halafu akaliacha tangi likizunguka na maji matupu, wiki baada ya wiki, majirani wakipita dirishani na kuuliza kama samaki wake ni wa kiroho.

Alikuwa anafuga. Alikuwa anafuga wadudu wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya zile sponji, wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Bila wadudu hao, samaki wanajiua wenyewe kwa choo chao.

Na Wifi amewafua wote.

"Toka hapo," Kitinda alisema.

"Asante ndiyo hiyo?"

"Wifi, toka hapo kabla sijakutamkia neno ambalo hata kanisani sitaweza kuliombea msamaha!"

Samaki walikuwa wamejazana juu, midomo nje ya maji, wakihema kama watu waliopanda ngazi na magunia. Yule dume mkubwa, Buluu, aliyezoea kufukuza kila mtu kwenye pango lake, alikuwa ameegemea kioo bila hata nguvu ya kugombana.

Kitinda alinyakua kichupa cha dawa ya kuua klorini ya bombani, akamimina, akakoroga kwa mkono mpaka kwapani. Blauzi ikalowa. Akasubiri. Akamimina tena kidogo.

Polepole midomo ikaanza kushuka.

"Si unaona?" Wifi akasema. "Wamezoea."

"Hawajazoea! Hiyo ni klorini tu. Sumu yao wenyewe inaanza kujikusanya sasa hivi, na hakuna wa kuila. Kesho jioni watakuwa wanaelea."

Wifi akatazama kona ya chumba. Kisha, kwa sauti ndogo, "Basi angalau yule mgonjwa nilimtoa."

"Mgonjwa gani?"

Wifi akaonyesha beseni la kufulia kwenye kona, limefunikwa kwa kanga. Ndani yake jike moja la njano lilikuwa linaelea kimya, mashavu yamevimba, kidevu kimeshuka kama kibegi.

"Ana matubwitubwi," Wifi alisema. "Nikaona atawaambukiza wenzake. Nimempa maji yale ya zamani, na ubwabwa kidogo. Hataki kula."

Kitinda alimtazama samaki. Akamtazama wifi yake. Kicheko kikamtoka bila ruhusa, kikiwa kimechanganyika na kamasi.

"Wifi, huyu hana matubwitubwi. Amebeba watoto mdomoni. Hali kitu mpaka watoke, la sivyo atawameza."

"Mdomoni?"

"Mdomoni."

"Na baba yao?"

"Baba yao yuko kule, anagombea pango."

Wifi akapiga makofi mara moja, akashika kiuno. "Kumbe hata huko majini ni yale yale!"

Lakini kicheko hakijazi sponji. Palihitajika sponji chafu kutoka kwenye tangi jingine linalofanya kazi, yenye wadudu wazima, leo hii. Kitinda alimpigia mfugaji wa nje ya mji aliyemuuzia samaki. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mpaka yule dada wa kwenye simu akaanza kuonekana kama ndugu yake.

Likabaki tangi moja mjini.

La Mapezi.

Mnamkumbuka Mapezi. Shati la hariri, manukato yanayotangulia dakika nzima kabla ya mwenyewe. Aliwahi kuwa mchumba wa Kitinda. Kitinda ndiye aliyekuwa akifuga na kuzalisha samaki dukani kwake, na wateja wakisifu, Mapezi anajibu, "Nimekesha nao hawa." Siku alipomwambia, "Tukioana wewe utakaa nyuma na ndoo, mimi nitakaa mbele na wateja," Kitinda alivua pete akaidumbukiza kwenye tangi la kasa na kuondoka. Hakukanyaga tena pale.

"Nenda kwa mwingine," Wifi alisema.

"Mwingine hayupo."

"Basi nenda, lakini paka mafuta usoni. Usiende kwa mwanaume uliyemwacha ukiwa umepauka hivyo."

Kitinda alichukua ndoo yenye mfuniko akaenda na uso wake uliopauka.

Dukani kwa Mapezi, mashine za hewa zilikuwa zikinguruma kwenye kila rafu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anakata kucha.

"Haa," alisema. "Leo jua limetokea upande gani?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba radhi?"

"Kuomba uchafu."

Mapezi aliacha kucha. Wateja wawili waliokuwa wanachagua chakula cha samaki wakageuka.

"Rudia, mpenzi. Masikio yangu hayaamini."

"Nataka sponji moja chafu ya chujio lako. Chafu kuliko zote." "Tangi langu limeoshwa."

"Limeoshwa! Na nani tena?"

"Wewe nipe au ninyime, niende zangu."

Kitinda alijikaza kusubiri. Alijua litakuja sharti. Rudi kazini. Rudi kwangu. Piga magoti hapa mbele ya wateja. Alikuwa amejiandaa kwa yote hayo njia nzima, na majibu yake alikuwa nayo tayari, makali, yamenolewa.

Mapezi akainama chini ya meza, akatoa ndoo ndogo. Ndani yake sponji ya kahawia imelala kwenye maji ya tangi, imekwisha kutolewa na kukamuliwa nusu.

"Chukua. Usiiache ikauke."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Samaki ni roho, Kitinda. Mimi si mnyama."

Majibu makali yote yakamfia mdomoni. Alitoka pale amebeba uchafu wa mtu aliyemdharau, na akili haimpi kwa nini umekuwa mwepesi kupatikana.

Nyumbani alikuta Wifi amekaa mbele ya tangi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

"Kuna mmoja alilala ubavu," alisema haraka. "Nikampungia kwa mkono akaamka."

Kitinda alisogea kwenye tangi. Alifungua chujio, akatoa sponji moja kati ya zile nyeupe kama pamba ya hospitali, akaweka ya kahawia mahali pake. Kabla ya kuiachia akaikamua moja kwa moja ndani ya maji. Wingu la uchafu likatanda tangi zima. Wifi akafumba macho kwa uchungu.

"Ee Mungu, usafi wangu wote."

"Litatulia. Ndiyo dawa."

Walisimama wakiangalia. Wingu likaanza kuvutwa na chujio. Buluu akajitingisha, akashuka mpaka mlangoni mwa pango lake, na dogo mmoja wa njano alipopita karibu, akamfukuza.

"Anagombana!" Wifi akasema.

"Anagombana," Kitinda alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikaa chini.

"Sasa kwa nini usingenunua watatu tu wenye adabu? Umejaza hivi kama ukumbi wa harusi."

"Wakiwa watatu, mmoja anajifanya mwenye nyumba, anawaua wapangaji. Wakiwa wengi hajui aanze na nani."

Wifi akatikisa kichwa. Kisha akasema, huku akikunjua mikono ya gauni, "Wifi, mimi saluni naitaka. Sikufichi. Lakini sikuosha ili wafe. Niliambiwa zile sponji zinaoza, zitaua samaki, nizioshe kwa dawa ya nguo nyeupe kabla hujarudi, nikushangaze."

Kitinda akageuka taratibu.

"Uliambiwa na nani?"

"Na mume wangu. Si kaka yako?"

Jamani! Kaka ambaye anaita chujio 'ile feni ya majini'! Kaka ambaye mwezi uliopita aliuliza kama samaki wanalala kwa ubavu au kifudifudi! Amejua lini habari za sponji?

Ndipo Kitinda akaiona tena ile ndoo chini ya meza. Sponji imekwisha kutolewa. Imekwisha kulazwa kwenye maji. Mtu hutoi sponji kwenye chujio lako na kuiweka tayari, kama hujui kwamba kuna mtu atakuja kuiomba.

"Wifi," alisema, "kaka ameonana na Mapezi?"

Jibu lilitoka barazani.

"Pima kuanzia hapa kwenye nguzo," sauti ya Kaka ilikuwa inasema, "mpaka pale kwenye dirisha. Kibao chako kitakaa vizuri kabisa."

Manukato yakaingia. Kisha mwenyewe akaingia nusu mlangoni, utepe wa kupimia mkononi, tabasamu limetandazwa kama kitambaa cha meza.

"Habari za humu, shemeji," alimwambia Wifi. "Kitinda, wanaendeleaje wagonjwa wetu?"

"Wetu?" Kitinda alisimama.

Kaka, nyuma yake mlangoni, alikuwa anaangalia kila kitu chumbani isipokuwa uso wa dada yake. "Sikiliza, mdogo wangu. Usianze kupandisha. Mwenzako ana duka, ana wateja, ana jina. Wewe una tangi moja na machozi. Nimempa chumba. Utafanya kazi hapa hapa, humu humu, na samaki wako hawa hawa. Unataka nini tena?"

"Ulisema Jumapili! Ulisema mbele ya Shangazi!"

"Na Jumapili Shangazi angekuta nini? Maiti. Tumekuokoa na aibu."

"Mmeniokoa? Ninyi ndio mliosema sponji zioshwe!"

Mapezi akainua kiganja, mpole kama muuguzi. "Ndiyo maana niliweka nyingine tayari. Dume kama huyu ningemwachia afe? Mjini hapa hakuna mwenye rangi ile. Nilimtafuta muda mrefu, mfugaji akaninyima akakupa wewe. Hata bila kinyongo, Kitinda, lazima ukubali kwamba hiyo iliniuma."

Sasa msomaji utakuwa unamwangalia Kitinda. Kosa. Mwangalie Wifi.

Wifi alikuwa amesimama katikati ya chumba, rangi imemtoka.

"Baba," alimwita mumewe hivyo kama siku zote. "Na saluni yangu?"

Kaka akakohoa. "Hilo tutazungumza ndani."

"Si nilishachagua hata vioo. Si ulikaa kitandani ukaniambia kiti cha kuoshea nywele kitakaa kona hii. Kona hii hapa."

"Nimesema ndani!"

"Kwa hiyo saluni haikuwepo."

Kaka akanyoosha kola ya shati.

"Ulinipa dawa ya nguo nyeupe," Wifi alisema polepole, "nikamwulie wifi yangu samaki wake, kwa ajili ya saluni ambayo haipo."

Alitembea mpaka mlangoni. Wanaume walidhani anatoka, wakampisha kwa adabu, wakarudi nyuma barazani. Wifi akausukuma mlango, pwaa! Akazungusha ufunguo. Akauchomoa, akaufutika kifuani.

"Mke wangu! Fungua!"

"Mkeo hayupo, ameenda saluni."

"Saluni gani?"

"Hiyo uliyonijengea!"

Kitinda alimtazama mwanamke huyu ambaye saa moja tu nyuma alitaka kummwagia ndoo ya maji machafu kichwani. Wifi akamwambia, "Usiniangalie hivyo, sijui ninachofanya."

Nje, Kaka akapiga mlango kwa bega. Chumba hakina mlango mwingine, na dirisha lina nondo. Akapiga tena. Kisha nyayo zikielekea pembeni mwa nyumba, kwenye swichi kuu ya umeme.

"Mtatoka wenyewe!" alipaza sauti. "Kaeni na giza!"

"Usizime!" Mapezi akapiga kelele, na safari hii upole ulikuwa umekwisha. "Wewe mtu, usizime, samaki wangu!"

Kaka akazima.

Taa ya tangi ikafa, ukabaki mwanga hafifu wa jioni wa dirishani. Pampu ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Sijui kama mmewahi kusikia tangi kubwa likinyamaza.

Kitinda alikimbilia vikombe. Alichota maji na kuyamwaga kutoka juu, achote, amwage, yapate hewa. Wifi akashika bakuli, akafuata. Maji yakaruka sakafuni, kwenye magauni, kwenye nywele. Tangi refu kupita kitanda, na wao wanalipumulia kwa vikombe! Samaki ambao ndiyo kwanza walikuwa wanapona sumu wakaanza kupanda juu tena, mmoja mmoja, midomo wazi.

"Watakaa muda gani hivi?" Wifi aliuliza, anahema.

"Wangekuwa wazima, muda mrefu. Hivi walivyo, sijui."

"Kitinda."

Ni Mapezi, dirishani. Jasho limelowesha hariri. Mkononi ameshika kiboksi kidogo kinachonguruma. Pampu ya hewa ya betri, ya kusafirishia samaki, ameikimbilia kwenye gari lake. Mpira wake ulikuwa unatoa pumzi, fyuuu, karibu kabisa na nondo.

"Inatosha kuwafikisha asubuhi," alisema. "Nipe ufunguo, nikupe pampu. Sina ugomvi na wewe."

"Washeni umeme!"

"Kaka yako hataki. Ameshikilia swichi kama mtoto na pipi. Ufunguo, Kitinda. Angalia dume lile."

Kitinda aliangalia. Buluu alikuwa ameinama upande, pezi moja tu ndilo linalocheza.

Akiutoa ufunguo, chumba kimekwenda, na Jumapili Shangazi atakuta kibao cha Mapezi mlangoni. Asipoutoa, Shangazi atakuta maiti, na chumba kimekwenda vile vile.

Kikombe kilimwinama mkononi. "Wifi," alisema, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, "lete huo ufunguo."

Wifi akautoa kifuani. Akautazama. Akamtazama Mapezi, kiganja chake kimetandikwa kati ya nondo, kinasubiri.

Kisha akanyoosha mkono juu ya tangi, akauachia.

Dumbwi!

Ufunguo ulizama ukimeremeta, ukagonga jiwe, ukateleza, ukapotea kwenye shimo kati ya mapango, chini ya yale mawe makubwa ya chini kabisa, ambayo wanaume wawili hawawezi kuyahamisha kwa haraka.

"Wifi!" Kitinda akapiga ukelele.

"Ngoja." Wifi aligeukia dirisha, akajipangusa mikono kwenye gauni kama mtu aliyemaliza vyombo. "Haya, bwana samaki. Ufunguo sina, wifi yangu hana. Mlango ni wa mninga, mtauvunja mpaka kesho. Wewe ndiye uliyemtafuta dume hili muda mrefu. Pitisha pampu, au simama hapo umwangalie anavyokufa."

Mapezi akaitazama pampu, akalitazama tangi.

Ndani ya tangi Buluu alipinduka, tumbo likatazama juu.

Mkono wenye pampu ukaingia kati ya nondo mpaka kwenye kifundo. Ukasimama hapo hapo, si ndani, si nje, na nyuma yake sauti ya Kaka ikasema, "Ukiwapa hiyo pampu, mimi na wewe hatuna mkataba."